Kinyago chako

Bukavu, Jumamosi jioni

Binti yangu,

Mama yako ni mzima, anakusalimu sana. Kwenye simu uliniuliza kwa nini, na magoti haya yangu, nimeanza kufundisha watoto eskrimu, mchezo huu wetu wa panga. Nilikujibu mbiombio. Ngoja leo nikujibu vizuri.

Nilivyoanza mimi unajua: shule ya bweni, yule padri wa hisabati, sanduku la mbao lenye flereti nne, zile panga nyembamba za mchezo. Nilikuwa na miaka 13. Flereti haizidi nusu kilo, lakini niliposhika mpini niliona kama mkono wangu umerefuka. Sikuacha tena. Hata miaka niliyokosa mwenzangu wa kucheza naye, nilichora duara la chaki ukutani nikalichoma kila asubuhi kabla ya kazi.

Sasa nina watoto 11. Taabu ya kwanza ilikuwa uwanja. Unatakiwa mita 14 kwa urefu, na katika mji huu wa milima, mita 14 za ardhi iliyo sawa utazitoa wapi? Tulizipata Kadutu, nyuma ya kanisa. Wiki tatu za mwanzo hakuna anayeshika silaha. Ni miguu tu, mbele na nyuma, magoti yamekunjwa. Kisha glavu: naishika juu, naiachia, mtoto anajirusha mbele kwa mguu mmoja aidake kabla haijagusa chini. Wanacheka, kumbe shambulio wameshalijua. Ndipo tunaingia vijiti vya mianzi, ncha zimefungwa mpira wa ndani wa baiskeli.

Chuma hakitoki sandukuni bila kinyago usoni. Hapo sina huruma. Mwaka 1982, kule Roma, Vladimir Smirnov, bingwa wa Olimpiki, alichomwa na upanga uliovunjika ukapenya kinyago chake, akafa. Vinyago vya leo vina uimara wao kwa sababu ya kifo kile.

Wewe sikukufundisha hivi, na ndiyo sababu nimeshika kalamu. Ulikuwa na miaka minane nikakupa chuma siku ya kwanza. Nikahesabu makosa yako kwa sauti. Nikakusimulia habari za Laura Flessel wa Guadeloupe, aliyechukua dhahabu mbili Atlanta mwaka 1996, wanawake walipocheza epe, aina nyingine ya upanga wa eskrimu, kwenye Olimpiki kwa mara ya kwanza, nikakusimulia kama mtu anayedai deni. Ulipotundika glavu msumarini nilisema huna moyo. Haikuwa kweli. Mwalimu akisogea mno, mwanafunzi hana nafasi ya kunyoosha mkono. Mimi nilisogea mno. Nisamehe, mama.

Wiki iliyopita msichana mmoja mdogo aliguswa begani akalia, akaketi kando. Nilikwenda nikachuchumaa mbele yake, nikateremsha kijiti changu, nikamwambia anichome mimi kwanza. Alinichoma kifuani. Halafu tena. Alifika mguso wa tano, ule unaomaliza mchezo wa kawaida, akaniamkia kwa kijiti kama nilivyowafunza, machozi bado mashavuni.

Nina vinyago vitatu tu, na kinachomtosha yeye ni chako. Sijampa. Ndani, kwenye kitambaa cha kidevuni, bado kuna jina lako uliloliandika kwa kalamu ya bluu. Nijibu kama naweza kumvalisha. Jina sitalifuta.

Baba yako