Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Mukene, Funza na Mabwawa Yetu

Ndugu wanachama,

Hesabu za mwaka mhazini amekwisha kuzigawa, na mkaguzi atazieleza baada yangu. Mkopo wa nyavu tumeumaliza. Ule mgogoro wa mfereji wazee wa kijiji wameuamua, tunawashukuru. Muda uliobaki nauweka kwenye funza, yaani mabuu ya inzi askari mweusi tunaowalisha samaki, kwani hakuna jambo lililozua maneno mengi kama hilo mwaka huu.

Kilichotusukuma kufuga inzi askari mweusi ni bei ya chakula. Zaidi ya nusu ya gharama za bwawa huishia hapo, na kinachouma zaidi ni mukene, dagaa wa ziwani. Mukene huyo ndiye mboga ya nyumbani, ndiye anayegombewa na watengenezaji wa chakula cha kuku, na akianikwa ufukweni gunia hupimwa pamoja na mchanga wake. Mwaka mzima tumekuwa tukilipia mchanga.

Sasa lililotokea. Baadhi yetu waliondoa kilo ya mukene, wakatia kilo ya funza wakavu, wakangoja. Ngege (tilapia) hawakufa, ila walidumaa, na lawama ikaelekezwa kwa mradi. Funza mkavu ana protini ya asilimia 40 hivi, na mafuta yake yanaweza kufika asilimia 30. Mukene safi huzidi asilimia 50 ya protini. Ukipima kilo kwa kilo, protini inashuka na mafuta yanapanda; chakula kinachacha ghalani kabla hakijafika majini. Tena mukene ana methionini nyingi, kijenzi kimojawapo cha protini, na samaki hakui vizuri akiikosa. Funza anayo kidogo, na soya vilevile, kwa hiyo kuvichanganya hivyo viwili peke yake hakuzibi pengo.

Msimamo wa kamati ni kwamba funza apunguze mukene, asimfukuze. Ngege aliyekwisha kukua humvumilia funza vizuri. Vifaranga, na kambare ambaye kwa asili huelekea zaidi kwenye nyama, waachiwe mukene zaidi. Anayetaka vipimo apite kituo cha utafiti wa samaki Kajjansi, Uganda, kabla ya kuchanganya, si baada ya samaki kudumaa.

Ufugaji wenyewe si mgumu. Jike hutaga mamia ya mayai kwenye nyufa za mbao kavu, mabuu hutoka baada ya siku 4 hivi, na katika wiki mbili au zaidi kidogo huwa tayari kuvunwa, kabla hawajageuka weusi. Inzi mkubwa hang'ati wala hatui mezani kwenu. Harufu waliyoilalamikia majirani ilitokana na machicha ya bia yaliyomwagwa yakiwa majimaji. Yachanganyeni na pumba. Taka za sokoni hatujazikosa, lakini msizoe za jalala kuu zenye betri na vyuma: kadimiamu, metali yenye sumu, hubaki mwilini mwa funza, kisha huingia kwa samaki, kisha kwetu. Samadi ya funza nayo isitupwe. Wakulima wa mboga wanaiulizia.

Penye shida ni mvua. Inzi huyu anataka jua ndipo apandane, na msimu wa mvua mayai yalipungua, hata mavuno machache tuliyopata yakaoza kwenye maturubai.

Kuhusu wanunuzi: wapo waliosusa samaki waliposikia wamelishwa wadudu. Hao hao Novemba hupanga foleni kununua nsenene (panzi) wa kukaanga! Wajibuni kwa upole kwamba kambare wa mtoni hula wadudu tangu zamani, na kwamba hata Umoja wa Ulaya, wenye masharti makali kuhusu chakula, uliruhusu protini ya wadudu kwa samaki wa kufugwa mwaka 2017.

Leo mchana tutapiga kura. Fedha za mfuko wa maendeleo zinatosha kikaushio au mashine ya kukamua mafuta, si vyote viwili. Kamati imegawanyika. Mimi nipo upande wa kikaushio: mafuta unaweza kuyapunguza kwa kuvuna funza wakiwa wachanga kidogo, lakini funza akishaoza hana dawa. Karatasi za kura anazo katibu. Wenye malimbikizo ya ada wamwone mhazini kwanza.