Kwa mwalimu mwenye kipenga

San Francisco

Mwalimu, swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku kwenye ukungu. Sisi wazima, shemeji yako anakusalimu sana.

Yule kijana uliyempa dagaa aniletee kanambia bado unachezesha mechi kila Jumapili, na goti lako lile bovu. Nimecheka, halafu nikasema huyu lazima nimwandikie habari za Burl Toler.

Asubuhi huwa nakimbia uwanja wa Kezar. Siku hizi ni kiuwanja kidogo tu, lakini hapo ndipo ilipokuwa ikichezea timu ya Chuo Kikuu cha San Francisco, timu ya huyo Toler. Mpira wao huu wa kubeba mkononi, ule uliouita mieleka ya kuvaa helmeti. Mwaka 1951 walicheza mechi tisa, wakashinda zote tisa. Usidhani walikuwa watoto: Gino Marchetti alishapigana vita Ulaya kabla ya kukaa darasani. Na Ollie Matson alikimbia na mpira yadi 1,566. Nchi nzima hakuna aliyemfikia.

Sasa huku mambo hayakuwa kama ligi yetu. Ukimaliza msimu unangoja kualikwa kwenye mechi kubwa za Mwaka Mpya, na nyingi zilikuwa majimbo ya Kusini. Ujumbe ukawafikia: njooni, ila Matson na Toler wabaki. Hao wawili ndio waliokuwa weusi. Wenzao wakakataa, hakwenda mtu. Na chuo kilikuwa kinakula hasara kwa timu ile, hela za mwaliko walizihitaji kwelikweli. Msimu ulipokwisha timu ikavunjwa. Timu isiyofungwa, Mwalimu, kwisha!

Nikizunguka Kezar najiuliza kama mimi ningekataa. Sina hakika. Wewe ungekataa, nakumbuka ulivyogoma kupanda lori la timu mpaka kipa wetu aliyekosa nauli apandishwe, tukachelewa, tukafungwa nne.

Matson mwaka uliofuata alichukua medali ya shaba ya mita 400 kwenye Olimpiki kule Helsinki. Toler yeye aliumia goti 1952, hata mechi moja ya ligi ya kulipwa hajacheza. Akaingia ualimu, akawa mwalimu mkuu hapa hapa mjini. Na mwaka 1965 akawa mwamuzi wa kwanza mweusi wa ligi ile: siku za kazi shuleni, Jumapili uwanjani, misimu 25. Mkuu wa ligi wakati huo alikuwa Pete Rozelle, yule yule aliyekuwa akishughulikia habari za timu yao chuoni mwaka 1951. Dunia ndogo hii.

Basi nisisikie tena unasema unastaafu. Kuna mtu anakuja mwezi ujao, nimempa kipenga na bandeji ya goti. Kipenga ufiche, wanao wasikione.

Ni mimi,
winga wako wa kushoto