Hiyo mliyoiita batiki, igeuzeni nyuma

Mhariri, salamu kwako na wenzako hapo. Nawasoma siku nyingi ila hii ndo mara ya kwanza naandika, kisa ile picha ya mitandio mliyoweka ukurasa wa sanaa mkaandika chini "batiki ya hariri". Pindo la mtandio mmoja limegeuka na kwa ndani ni kweupe pee, sasa batiki gani hiyo jamani? Batiki unachora kwa nta ya moto ili rangi isishike pale ilipopita, na nta hiyo inazama mpaka upande wa pili, ua la mbele ndo hilo hilo la nyuma. Na shida sio kugonga chapa, hata kule Java, Indonesia, kuna batiki za kugonga kwa chapa ya shaba, lakini ile chapa inachovywa kwenye nta, sio kwenye rangi. Bila nta hicho ni kitambaa cha maua tu, kizuri sawa, ila kiiteni jina lake.

Nasema hivi kwa sababu nimeunguza vidole. Nilizoea batiki ya pamba, siku nikapata kipande cha hariri nikajua kazi ni ile ile. Nikachora nta haijapata moto vizuri, ikakaa juu juu nyeupe kama mafuta yaliyoganda, rangi ikapita chini yake na mchoro wote ukapotea. Nta ikiwa sawa hariri inakuwa kama kioo pale ilipopita, unauona mpaka ukucha wako kwa chini, ikizidi moto nayo inatambaa. Ikianza kutoa moshi zima jiko, na ikiwaka funika na mfuniko, maji usithubutu.

Kilichoniuma zaidi ni rangi. Nilitumia ile ya pamba yenye kostiki, yaani magadi makali ya kutengenezea sabuni, kumbe hariri ni uzi wa kiwavi, ni protini kama nywele, kostiki inaula. Nikashika ncha mbili za kile kipande kukikung'uta kikachanika mikononi mwangu bila hata kelele. Saivi natumia rangi za asidi, zile zinazoshika kwa siki na mvuke, napaka kwa brashi hariri ikiwa imebanwa kwenye fremu, zilizopauka kwanza na nyeusi mwisho kabisa. Na nta ya nyuki naizidisha maana inapinda, ya mshumaa ndo inapasuka na kuacha mishipa mishipa, watu wanaipenda ila mi naona kwenye hariri ikizidi inaua mng'ao.

Nta naitoa kwa pasi katikati ya magazeti, mengi ni yenu, ila sio la leo wala la jana maana wino wake unahamia kwenye kitambaa, lazima likae wiki kadhaa. Lile lenye picha ya mitandio nimeliweka, bado kidogo tu litakuwa tayari.

Msomaji wenu