Waamuzi wa raga waeleze maamuzi yao

Kwa Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie lalama isiyokwisha miongoni mwetu mashabiki wa raga hapa Kakamega, na hata kwa wenzetu wa Nakuru na Kisumu, kwamba waamuzi huzipendelea timu za Nairobi. Mimi siamini kuwa kuna njama. Ninachokiona ni kosa lile lile kuadhibiwa leo na kuachwa kesho pasipo neno lolote la ufafanuzi, na shabiki asiyeelezwa hujitafutia maelezo mwenyewe, aghalabu yale mabaya zaidi.

Tatizo hili si letu peke yetu. Kwenye Kombe la Dunia la 2023, Tom Curry wa Uingereza aligongana kichwa kwa kichwa na mchezaji wa Argentina mjini Marseille tarehe 9 Septemba, akaonyeshwa kadi ya manjano ambayo muda mfupi baadaye iligeuzwa kuwa nyekundu. Siku iliyofuata, katika uwanja huo huo, Jesse Kriel wa Afrika Kusini alimgonga Jack Dempsey wa Uskoti kwa namna iliyofanana sana na hiyo, na hata penalti haikupigwa. Ikiwa waamuzi bora duniani, wenye msaada wa video, wanaweza kutofautiana kiasi hicho, itakuwaje kwa mwamuzi wetu wa ligi anayetegemea macho yake na wasaidizi wawili wa pembeni?

Palipo na utata mkubwa zaidi ni kwenye raki, yaani pale wachezaji wa timu zote mbili wanapogombania mpira ulio chini baada ya mmoja kuangushwa. Msimu uliopita nilisimama kando ya mstari, hatua chache tu kutoka walipokuwa wakigombania mpira, nikamwona mchezaji wa timu ya nyumbani akiwa wima kwa miguu yake, mikono yake miwili imeushika mpira, naye mpinzani aliyeangushwa akikataa kuuachilia, jambo ambalo ni kosa. Filimbi ikalia, na penalti wakapewa wageni. Katika kipindi cha pili hali iyo hiyo ilitokea, safari hii mgeni ndiye aliyeushika mpira, na penalti wakapewa wageni tena. Huenda mwamuzi aliona jambo ambalo sisi hatukuliona, lakini hadi leo hakuna aliyetueleza ni lipi.

Wanaomtukana au kumtisha mwamuzi nawapinga kabisa. Wayne Barnes, aliyechezesha fainali ile ya 2023, alistaafu siku chache baadaye, na amezungumza waziwazi kuhusu vitisho vilivyoelekezwa kwa familia yake. Hakuna penalti inayostahili hayo.

Ila kukiri kosa kunawezekana. Mwaka 2015, Australia ilipoitoa Uskoti kwa 35-34 katika robo fainali ya Kombe la Dunia, shirikisho la dunia lilitangaza siku iliyofuata kwamba mwamuzi Craig Joubert alikosea kutoa penalti ya mwisho. Hivyo basi, naliomba shirikisho la raga la Kenya lichapishe kila wiki, kabla ya mechi za wikendi inayofuata, maelezo mafupi ya maamuzi mawili au matatu yaliyozua mzozo, likisema ni sheria ipi iliyotumika na kama ilitumika sawasawa, ili manahodha na makocha wa timu zote wajue jinsi raki itakavyoamuliwa Jumamosi.

Mpenzi wa raga,
Kakamega