Kigari cha mtoto kichaguliwe kwa umri na njia, si kwa udogo wake

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumze na wazazi wenzangu, pamoja na wafanyabiashara, kuhusu vigari vidogo vya kukunja vya kusukumia watoto, ambavyo siku hizi vinapatikana kwa wingi katika maduka ya Kariakoo na kwa wauzaji wa mitandaoni. Sina ugomvi na vigari vyenyewe, kwani kwa familia isiyo na gari vina msaada mkubwa. Ninacholalamikia ni namna vinavyouzwa: mteja huonyeshwa jinsi kigari kinavyokunjika kikawa kidogo kama begi, akaambiwa kinafaa tangu mtoto anapozaliwa, kisha mazungumzo yakahamia kwenye rangi.

Jambo la kwanza kuulizwa linapaswa kuwa umri wa mtoto. Mtoto ambaye bado hawezi kukaa mwenyewe, yaani kwa kawaida hajafikisha miezi sita hivi, hana nguvu ya kutosha shingoni wala mgongoni; akiwekwa kwenye kiti kilichosimama, au chenye kitambaa kinachobonyea, hujikunja hadi kidevu kikagusa kifua, na njia ya hewa inaweza kubanwa bila yeye kutoa sauti yoyote. Ndiyo maana kiwango cha Ulaya kinachohusu vigari hivi, EN 1888, kinataka kiti cha mtoto wa umri huo kilazike hadi pembe kati ya mgongo na kikalio ifike angalau nyuzi 150. Vipo vigari vidogo vingi visivyofika hapo, kwa sababu wepesi wake umepatikana kwa kupunguza vyuma na kuacha kiti kikiwa kipande cha kitambaa kilichoning'inizwa. Mnunuzi hana haja ya kupima nyuzi dukani. Akilaza kiti mpaka mwisho na bado kikabaki kiti, si kitanda, basi asubiri mtoto akue. Katika miezi hiyo mbeleko inatosha, na bibi zetu wanaotucheka tunaponunua kigari kabla mtoto hajatoka arobaini wana hoja.

La pili ni njia. Kigari chepesi cha kukunja kama mwavuli kilibuniwa Uingereza mwaka 1965 na Owen Maclaren, mhandisi wa ndege aliyewahi kushughulikia magurudumu ya kutua ya ndege ya kivita ya Spitfire, na fremu yake ya alumini ilikifanya kiwe na uzito usiofika kilo tatu. Kigari cha namna hiyo kinamfaa mtu anayepita kwenye vijia vilivyosakafiwa. Huku kwetu Tabata, na sehemu nyingine nyingi za Dar es Salaam, ukitoka getini unakanyaga mchanga, na ukifika barabara kuu unakuta njia ya waenda kwa miguu imeshikwa na meza za biashara na bodaboda. Magurudumu madogo ya plastiki huzama mchangani na yale ya mbele hugeuka upande. Kwa hiyo tafuta kigari ambacho magurudumu ya mbele yanaweza kufungwa yasizunguke, na penye mchanga mwingi kigeuze ukivute nyuma yako badala ya kukisukuma. Mfuko wa sokoni usiutundike kwenye mpini, kwa kuwa mtoto akishushwa, au hata akijinyoosha tu, kigari huangukia nyuma. Mizigo ikae kwenye kapu la chini.

Kukunja nako kuna mtihani wake. Muuzaji hukunja kwa mikono miwili akiwa ametulia, ilhali mzazi atakunja mkono mmoja ukiwa na mtoto, konda wa daladala akipiga kelele na abiria wakimsukuma. Jaribu hivyo hivyo dukani, mtoto akiwa begani, halafu ukibebe kigari hatua kadhaa, maana kilo sita au saba si kitu mezani lakini ni mzigo kwenye ngazi. Ndani ya mwendokasi, ambako jukwaa la kituo liko usawa na sakafu ya basi, unaweza kuingia bila kukunja ikiwa hakuna msongamano, na hapo breki ifungwe kila unaposimama, hata kwa dakika moja. Kwenye pantoni ya Kigamboni ningeshauri mtoto abebwe mwilini na kigari kikunjwe kabla ya mteremko.

Kuhusu jua, wengi hutandika kanga juu ya kigari chote. Hewa huacha kupita na joto hupanda haraka mahali ambapo mzazi haoni uso wa mtoto. Kivuli kipana na pembeni kuwe wazi ni bora zaidi.

Vigari vya mtumba vinahitaji jicho la ziada. Mwezi Novemba 2009 kampuni ya Maclaren iliwataka wateja waache kutumia vigari vipatavyo milioni moja vilivyouzwa Marekani hadi virekebishwe, baada ya taarifa za watoto 12 waliokatwa ncha za vidole na bawaba za kukunjia. Dawa yake ilikuwa vifuniko vya kuziba bawaba hizo. Kigari cha zamani hakifiki kwetu na historia yake, hivyo chunguza bawaba, mweke mtoto mbali wakati wa kukunja na kukunjua, na hakikisha mikanda yote ipo: miwili ya mabegani, miwili ya kiunoni na mmoja wa katikati ya miguu. Ukikuta mmoja umekatwa, usikubali kuambiwa kwamba fundi cherehani ataushona.

Kwa wenye maduka ombi langu ni dogo. Karatasi ya maelekezo isitupwe pamoja na boksi, umri na uzito wa mwisho wa mtoto viandikwe kwa Kiswahili mahali mteja anapoviona, na aruhusiwe kukunja na kukunjua mwenyewe kabla ya kulipa. Tena muuzaji awe tayari kusema gurudumu likivunjika jingine litapatikana wapi, kwa sababu fundi baiskeli wa mtaani hana la ukubwa huo.

Wako,
Mama wa watoto wawili,
Tabata, Dar es Salaam