Kipimajoto Kiweke Kabatini

Mwanangu mpendwa,

Sikuchukizwa na simu yako ya usiku wa manane. Kilichoninyima usingizi ni kukusikia ukinisomea nyuzi 37.1 kana kwamba ni hukumu kwamba umeambukizwa virusi vya UKIMWI. Umeniambia kondomu ilivaliwa tangu mwanzo hadi mwisho, haikupasuka wala haikuchomoka. Mimi nimekuamini, na kondomu iliyo nzima haipitishi virusi. Ingekuwa imepasuka, ningekukimbiza kituo cha afya siku ileile, kwa kuwa dawa za kinga huanzwa kabla ya saa 72 kupita na kumezwa kwa siku 28.

Sasa tuje kwenye hizo dalili. Tezi za shingoni unazozibonyeza kila upitapo mbele ya kioo zinauma kwa sababu unazibonyeza. (Nilipokuwa na umri wako niliwahi kujitia ugonjwa wa moyo wiki nzima, kumbe nilikuwa nahesabu mapigo kila mara, na moyo unaoviziwa hivyo hautulii.) Hofu nayo hutoa jasho, huharisha na hukausha mdomo, ilhali homa na vipele vya maambukizi mapya hufanana na vya magonjwa mengine mengi, hivyo hata daktari hawezi kukusoma usoni.

Kupima, pima, lakini kwa wakati wake. Kipimo cha haraka cha kutoboa kidole hutafuta kingamwili, yaani chembe za kupambana na virusi, ambazo mwili huchukua muda kuzitengeneza. Ndiyo maana vipimo viwili ulivyofanya ndani ya siku 10 havikukutuliza, na hata cha tatu kesho hakitakutuliza. Kile cha maabara kinachotafuta pia antijeni, yaani sehemu ya kirusi chenyewe, kwa damu ya mshipani, hutoa jibu la kuaminika siku ya 45 tangu tendo, na kile cha kidole siku ya 90. Jibu hilo likitoka, usilirudie kwingine ili kulihakikisha. Hofu ikibaki hata baada ya hapo, mpelekee mshauri nasaha, maana itakuwa haihusu tena damu yako.

Nashuku pia kwamba unajiadhibu kwa lile tendo lenyewe. Hilo tutalizungumza tukionana, na sitakufokea.

Siku ya kupima nitakusindikiza ukipenda, nikae nje. Hadi hapo, kipimajoto kiweke kabatini.

Mama yako