Faili Lako la Excel Limekula Namba za NIDA

Mweka hazina wa SACCOS moja alitupigia simu Ijumaa jioni. Alikuwa ametoa orodha ya wanachama kwenye mfumo wao, akaifungua kwa Excel, akakuta safuwima nzima ya NIDA inasomeka 1.98504E+19 na mfano wa hiyo. Akaipanua, akabadili muundo kuwa namba, tarakimu zikarudi, akasevu. Baadaye ndipo akagundua kila mwanachama namba yake inaishia na sifuri tano.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel hushika 15 tu kwenye namba, zinazobaki hugeuzwa sifuri, na ukishasevu hazirudi tena. Kanzidata yao, yaani hifadhi ya taarifa iliyo nyuma ya mfumo, ilikuwa salama kabisa. Tatizo ni kwamba mfumo ulitoa CSV, ambayo ni maandishi matupu yaliyotenganishwa kwa mkato, na Excel ikiona tarakimu tupu hujiamulia kuwa ni hesabu. Ndivyo pia 0754 inavyogeuka 754, halafu ujumbe wa kuitisha kikao haumfikii mtu. (Likikutokea, funga faili bila kusevu. CSV yenyewe bado ni nzima.)

Kazi hizi za kutoa orodha sisi tunaandikia programu fupi ya Python, inayosoma kanzidata moja kwa moja na kutoa xlsx (faili la Excel la muundo wa sasa) kwa kutumia openpyxl, maktaba ya Python ya kuandika faili hizo. Humo kila safuwima inatajwa ni ya nini: NIDA, simu na TIN ni maandishi, hisa ni fedha, tarehe ni tarehe. Zile za maandishi tunazipeleka kama str (aina ya maandishi kwenye Python), kisha:

cell.number_format = '@'

Alama hiyo ya @ huiambia Excel kuwa seli ni ya maandishi, na ndiyo inayoilinda hata katibu akija kuihariri mwezi ujao. Mstari mmoja tu, lakini ndio tunaoulizwa kuliko yote.

Wapo wanaotaka xls ya zamani kwa sababu kompyuta ya ofisi ni ya siku nyingi. Hapo tunakuwa wabishi. Muundo ule unaishia mistari 65,536. Mwaka 2020 huko Uingereza wagonjwa 15,841 wa corona waliachwa nje ya takwimu za kila siku kwa kikomo hicho. Xlsx inafika 1,048,576. Wanachama wako hawafiki idadi hiyo, ila miamala ya miaka kadhaa ikikusanywa usishangae ikipita ule ukomo wa kwanza.

Kabla ya kukabidhi tunalinganisha idadi ya mistari na jibu la SELECT COUNT(*), amri inayohesabu mistari ndani ya kanzidata, na jumla ya hisa hadi senti. Isipolingana, faili halitoki.

Ukituita, usitutumie Excel iliyokwisha kuharibika. Tufungulie akaunti ya kusoma tu kwenye kanzidata. Ya kubadili au kufuta hatuihitaji, na ukitupatia tutakurudishia.